Msumari si hoja: Japani inapoteza mlango wa kawaida

Mwezi uliopita mpwa wangu alituma video kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Ilikuwa fupi, haifiki dakika mbili: mikono ya fundi wa Kijapani ikichomeka vipande vya mti vyembamba kama njiti za mishikaki ndani ya fremu, kimoja baada ya kingine, mpaka likatokea ua lenye ncha sita. Chini yake yaliandikwa maneno ambayo siku hizi hayakosi kwenye video za aina hii: hakuna msumari, hakuna gundi. Kabla ya magharibi watu wazima wa ukoo mzima walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba mafundi wa huku kwetu wanatupunja. Sifa hiyo hiyo ilizunguka dunia mwaka 2025 wakati wa Maonesho ya Osaka, ambako msanifu majengo Sou Fujimoto alisimamisha duara la mbao lenye mzunguko wa kilomita 2 hivi, likaingia katika rekodi za Guinness kuwa jengo la mbao kubwa kuliko yote. Waliokwenda na wasiokwenda wakasimulia kwamba limeshikana bila chuma. Haikuwa hivyo. Nguzo na mihimili yake ilipitishana kwa mtindo wa kale uitwao nuki, lakini viungo viliongezewa nguvu kwa vyuma, na wajenzi wenyewe hawakulificha jambo hilo.

Naandika kwa sababu naiona sifa hii, pamoja na nia yake njema, inatazama pasipostahili. Ufundi wa milango ya Kijapani haukupata ubora wake kwa kukosa msumari, na wingi wa video za maua ya mbao si dalili kwamba kazi hiyo imepona. Inayougua ni kazi isiyopigwa picha: mlango wa kawaida wa chumba, ule wa fito zilizonyooka na karatasi nyeupe, ambao seremala wa mtaani alikuwa akiutengeneza kila wiki bila mtu kumshangilia. Ukiacha kuagizwa huo, hata ua la ncha sita litakosa wa kulitengeneza, na hilo halitachukua vizazi vingi.

Tuanze na jambo lenyewe. Wajapani wana neno moja, tategu, kwa kila kinachofunga na kufungua uwazi wa nyumba. Shoji ni fremu ya fito iliyobandikwa karatasi upande mmoja, inayopitisha mwanga. Fusuma ni kiambaza kizito zaidi, kilichovikwa karatasi pande zote mbili, kinachotenga chumba na chumba. Amado ni mbao za nje za kuzuia mvua na upepo wa usiku. Nyumba ya kale ya Kijapani haina kuta nyingi kama tunavyozizoea sisi. Ina nguzo, na kati ya nguzo na nguzo kuna milango ya kuteleza, kwa hiyo anayeunda mlango ndiye anayeunda ukuta. Ndiyo maana kazi hiyo iligawanywa tangu zamani: daiku ndiye seremala anayesimamisha nyumba, tateguya ni seremala mwingine kabisa anayekuja baadaye na vipimo vyake, na mbandikaji wa karatasi za fusuma naye ana karakana yake. Zile fito ndogo zinaitwa kumiko. Yale maua ya kwenye video ni kumiko za mapambo, na hilo la ncha sita linaitwa asanoha, yaani jani la katani, ule mmea wa nyuzi wa jamii ya bangi, si mkonge. Katani hukua haraka na kunyooka, ndiyo sababu wazazi walilitia pambo hilo kwenye nguo za watoto wachanga.

Chukua shoji ya kawaida, isiyo na pambo lolote. Fundi huanza na mti laini wa jamii ya mierezi, sugi au hinoki, uliokauka vizuri na wenye nyuzi zilizonyooka toka juu hadi chini. Huupasua kuwa fito za unene wa milimita 6 hivi na kuzipiga randa mpaka zilingane. Kisha huzibana pamoja kama mganda wa matete na kupitisha mstari mmoja juu ya zote kwa mpigo mmoja, ili kosa likiwapo liwe lile lile kwenye kila ufito na bado ziingiane. Kila alama hukatwa kwa msumeno hadi nusu ya unene, halafu patasi humalizia. Katika kazi nzuri mikato haiwi upande mmoja tu: huu mbele, unaofuata nyuma, ili fito zisukwe kama mkeka, juu, chini, juu, chini. Wavu wa namna hiyo haupindi hata kabla haujaingia kwenye fremu. Fremu nayo huungwa kwa ulimi na tundu, na hapa kuna kitendo kimoja ambacho mimi nakiona kizuri kuliko maua yote. Kabla ya kuingiza ulimi, fundi huupigapiga mashavu kwa nyundo, taratibu, mpaka nyuzi za mti zibonyee. Wenyewe hukiita kigoroshi, kuua mti. Ulimi uliobonyea huingia bila kulipasua tundu, kisha unyevunyevu wa hewani huufanya uvimbe tena na kukaza. Kile ambacho kila mwenye mlango wa mbao hukilalamikia wakati wa masika, kwamba mti huvimba, hapo kimegeuzwa kuwa kazi ya kushikilia.

Karatasi ina taratibu zake. Nafasi kati ya fito za kulala zilipangwa kufuata ukubwa wa karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, ili maungio yake yaangukie juu ya ufito na yasionekane. Hubandikwa kuanzia chini kwenda juu, kipande cha juu kikilalia cha chini yake kama makuti ya paa, ili vumbi lisipate pa kutuama. Gundi yake ni ya wanga na hubanduka kwa maji, kwa sababu desturi ni kuibandua karatasi yote mwisho wa mwaka, kuosha fremu na kuanza mwaka na karatasi mpya.

Mlango huo hauna bawaba. Juu ya uwazi kuna boriti yenye mfuo, chini kuna kizingiti chenye mfuo. Wa juu una kina cha milimita 15 hivi, wa chini milimita 3 tu. Unainua mlango mpaka kichwa kizame kwenye mfuo wa juu, unasogeza mguu wake juu ya kizingiti, unaushusha, umekwisha. Kuutoa ni kurudia hayo kinyumenyume, na mtoto wa miaka kumi anaweza. Kwa hiyo familia ikiwa na harusi au msiba iliweza kuondoa fusuma zote na kupata ukumbi mmoja. Kwenye nyumba za kale za mjini Kyoto, mwezi wa Juni unapoingia shoji na fusuma huondolewa na kuwekwa viambaza vya matete vinavyopitisha upepo, kisha za karatasi hurudi majira ya joto yanapokwisha. Osaka ya zamani ilikwenda mbali zaidi. Kulikuwa na utaratibu wa kupangisha nyumba tupu uitwao hadaka-gashi: mpangaji alihamia na mikeka yake ya tatami na milango yake, na akihama aliondoka navyo. Hebu fikiri maana yake. Mlango uliotengenezwa kwa nyumba moja ulikaa sawasawa kwenye nyumba nyingine ambayo fundi wake hakuwahi kuiona.

Iliwezekana kwa sababu ya kipimo. Huko Kyoto na Osaka nyumba ilipangwa kwa kuanzia na tatami, mkeka mnene wa sentimita 95 kwa 191 hivi, na nguzo zikawekwa pale mkeka unapoishia. Upana wa uwazi ukawa umekwisha amuliwa kabla seremala hajashika msumeno. Msomaji wa Lamu au Pate hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana upana wa vyumba vya nyumba zetu za mawe uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo sababu vikawa virefu na vyembamba. Tofauti ni kwamba sisi kipimo kilitubana, wao kipimo kiliwafungulia soko zima la vitu vinavyohamishika. Huo ndio ufundi ninaousema. Haumo ndani ya kiungo kimoja cha kustaajabisha. Umo katika mapatano ya watu wengi, mfuma tatami, seremala wa nyumba, seremala wa milango, mtengeneza karatasi, waliokubaliana vipimo bila kukaa kikao, na mapatano hayo yakadumu.

Sasa turudi kwenye msumari. Useremala wa Japani una gundi tangu zamani: sokui, inayopondwa kutokana na wali mpaka uwe ute laini, na nikawa, inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Una misumari pia. Hekalu la Horyuji huko Nara, lenye majengo ya mbao ya kale kuliko yote yanayosimama bado duniani, lina misumari ya chuma iliyofuliwa kwa mkono. Fremu ya fusuma nzuri hushikizwa kwenye kiini chake kwa misumari iliyofichwa, tena iliyopangwa ili fremu iweze kuvuliwa siku ya matengenezo. Kumiko nyingi za mapambo kweli hushikana kwa kubanana tu, na kwenye hizo video husema kweli. Lakini mtu akilifanya hilo kuwa kanuni ya ufundi wote amekosea kusoma. Fundi wa Kijapani anaogopa kiungo kisichofunguka. Msumari unaofunguka ataupiga, gundi inayobanduka ataipaka. Ukiliona hivyo, sifa inahama kutoka kwenye muujiza na kwenda kwenye matengenezo, na matengenezo ndiyo yanayokosa watu leo.

Wapo wanaosema hofu hii haina msingi kwa kuwa mapambo yenyewe ndiyo yameokoa kazi. Hoja yao ina uzito na sitaipuuza. Mji wa Okawa, mkoani Fukuoka, unaojulikana kwa fanicha, ulipata jina jipya pale kumiko zake zilipowekwa ndani ya Nanatsuboshi, treni ya kifahari ya Kyushu iliyoanza safari Oktoba 2013. Kanuma, mkoani Tochigi, ambako ufundi huu hunasibishwa na mafundi waliokuja kujenga mahekalu ya Nikko katika karne ya 17, una karakana zinazopeleka viambaza kwenye hoteli na migahawa. Mteja wa hoteli analipa bei ambayo mwenye nyumba wa kawaida hawezi kulipa. Kijana aliyeona asanoha kwenye simu anaweza kubisha hodi karakanani kuomba kufundishwa, jambo ambalo mlango mweupe usio na ua usingemfanya alifanye. Haya yote ni kweli, na karakana ambayo ingefungwa ikaishi kwa oda ya hoteli moja imepata riziki ya halali.

Ila oda za namna hiyo zinamfikia nani? Zinamfikia bingwa, mtu ambaye mkono wake umekwisha iva. Hoteli haitoi kiambaza cha ukumbi wake kwa mwanafunzi wa miezi minane. Mwanafunzi anahitaji kazi ambayo kosa lake ni dogo na linarudiwa: kupiga randa fito mia mbili zilingane, kukata mikato elfu moja, kuvunja ndimi kadhaa na kutengeneza nyingine, kubeba milango kumi na minne hadi nyumbani kwa mtu na kukuta kumi haitelezi. Shule hiyo ilikuwa ndani ya shoji ya kawaida. Nyumba moja ilitaka nyingi, zote zinafanana, na bei yake ilikuwa ya mwananchi. Kiwanda kilipochukua kazi hiyo, madaraja ya chini ya ngazi yalikatwa, yakabaki ya juu. Waliokwisha panda wanaonekana vizuri sana kule juu, wanapigwa picha na kusifiwa, na sisi tunaotazama tunadhani ngazi ni nzima.

Kuna sehemu nyingine ya kazi ambayo pambo halifundishi kabisa, nayo ni kukalisha mlango mahali pake. Kiambaza cha hoteli hufungwa ukutani na hakisogei. Nyumba inayokaliwa husogea. Boriti ya juu hulegea katikati kwa uzito wa paa, nguzo moja huzama kidogo, uwazi uliokuwa mraba ukawa umeegama. Kwenye mikoa ya theluji nyingi mlango ulioteleza vizuri wakati wa kiangazi hugoma Januari kwa sababu paa limeelemewa. Anaitwa fundi. Anapima kushoto, katikati na kulia, anautoa mlango, anapunguza unywele wa mti kwa randa upande mmoja tu, anaurudisha, anausukuma kwa kidole kimoja. Maranda yote ya kazi hiyo yanaenea kwenye kiganja. Haipo video ya kuonesha hilo kwa sababu hakuna cha kuona, na bila mtu wa kulifanya mlango wa thamani ya juu kabisa unakuwa ukuta.

Upande wa pili wapo wanaolia na mashine. Kwao ufito uliopitishwa kwenye msumeno wa umeme si kumiko, na ua lililokatwa kwa mashine ya kompyuta ni wizi. Nawaheshimu kwa mapenzi yao, lakini hoja yao ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, kwa kuwa historia yenyewe inawakana. Zamani magogo ya Japani yalipasuliwa kwa kabari na kusawazishwa kwa zana yenye umbo la mkuki. Msumeno mkubwa wa kuvutwa na watu wawili, uliopasua mbao nyembamba kwa urefu, ulienea katika karne ya 15, na randa ya kitako cha mti tunayoijua ikafuata. Zana hizo mpya ndizo zilizofanya fito nyembamba zilizonyooka na mifuo laini kuwa kitu cha nyumba nyingi. Chumba kidogo cha Togudo, kwenye hekalu la Ginkakuji mjini Kyoto, kilichojengwa mwaka 1486 na chenye shoji na tatami nne na nusu, ambacho watu hukitembelea kuona asili ya chumba cha Kijapani, ni mtoto wa zama hizo za mabadiliko ya zana. Na kila seremala wa Keko jijini Dar es Salaam anaijua Makita. Kampuni hiyo ya Kijapani ilitoa randa ya umeme ya kushika mkononi mwaka 1958, na waliozinunua kwanza walikuwa maseremala wa Japani wenyewe, watu walioijua randa ya mkono kuliko sisi sote. Karakana nyingi za tategu leo hupasua na kusawazisha kwa mashine, kisha mkono unamalizia. Mashine ilimpunguzia fundi jasho. Haikumwondolea mteja.

Aliyemwondoa mteja ni nyumba yenyewe ilivyobadilika, na hapo simwoni mtu wa kumlaumu. Mwaka 1955 serikali iliunda shirika la nyumba ili kuwapatia makazi watu waliofurika mijini, na maghorofa yakaota. Miaka ya 1960 dirisha la aluminiamu likaenea, likazuia upepo na mvua kuliko mbao zozote za amado. Kitanda na kiti vikaingia, sakafu ya tatami ikapungua, na milango inayoambatana nayo ikapungua pamoja nayo. Shoji kwenye uso wa nje wa nyumba ilikuwa baridi wakati wa baridi, sauti ilipenya, kidole cha mtoto kilitoboa karatasi. Mama aliyechagua dirisha la kioo hakusaliti utamaduni, aliwakinga wanawe. Tangu Aprili 2025 sheria ya Japani inataka kila jengo jipya, nyumba za kuishi zikiwemo, litimize viwango vya kuhifadhi nishati, na hivyo nyumba za miaka ijayo zitazibwa zaidi kuliko hizi za sasa. Wanaoitaka shoji irudi kama ilivyokuwa katika karne ya 18 wanaota.

Serikali na dunia hazikukaa kimya. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1975 Japani ina utaratibu wa kuteua na kugharimia ufundi unaohitajika kuhifadhi urithi, na Desemba 2020 UNESCO iliorodhesha stadi 17 za ujenzi wa asili wa mbao, utengenezaji wa tategu ukiwa mmojawapo pamoja na tatami, lipu ya udongo na uezekaji wa nyasi. Orodha hiyo nayo imesomwa vibaya. Magazeti mengi yaliandika kana kwamba ufundi umetangazwa kuwa salama, ilhali kichwa chake chenyewe kinazungumzia uhifadhi na urithishaji, maana yake kuna jambo linalohitaji kushikiliwa. Mahekalu na makasri yatahitaji milango daima, lakini si mingi, na inayotengenezwa vizuri hudumu miaka mingi kabla ya kuguswa tena. Ufundi huishi kwa oda zinazojirudia. Madhabahu Kuu ya Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ijayo ni 2033, na ibada za kukata miti zilikwisha anza 2025. Kijana anayeshika patasi kwenye ujenzi mmoja anasimamia kwenye ujenzi ujao. Yaliyoirithisha kazi ya Ise ni marudio hayo, na sifa zimekuja nyuma yake. Mlango wa kawaida ulikuwa na marudio yake, ya msimu na ya mwaka, na hayo ndiyo yaliyokatika.

Na hapa ndipo tofauti ya mlango unaofunguka na usiofunguka inapouma. Fusuma ya zamani ina tabaka nyingi za karatasi chini ya ile ya juu, na kwa sababu karatasi ilikuwa na thamani, mafundi walitumia zilizokwisha andikwa: barua, madaftari ya biashara, hesabu za kodi. Leo wanahistoria hubandua tabaka hizo moja moja na kusoma maisha ya vijiji ambavyo havikuacha kumbukumbu nyingine. Milango hiyo ilivuliwa na kuvikwa tena kwa vizazi, kila safari kwa mkono wa fundi aliyelipwa. Fusuma nyingi za bei nafuu za sasa zina kiini cha maboksi ya karatasi au povu la plastiki, na zikichakaa hutupwa zilivyo. Mteja ameokoa fedha siku ya kununua, na fundi amepoteza mara zote ambazo angeitwa.

Kwetu pwani tumeiona njia hii inakoishia. Milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe na Lamu inapendwa na dunia, na mingi ya zamani imeng'olewa kwenye nyumba zake na kuuzwa kama pambo, mingine ikageuzwa meza. Mchongaji bado yupo na anachonga vizuri. Kinachozidi kuwa adimu ni mtu wa kuukalisha mlango mzito wa mbao mbili juu ya ncha zake, mfaa, yaani ule mti wa katikati zinapokutana mbao mbili, ukae wima, ufunge bila kukwaruza sakafu.

Ikiwa nimeisoma hali sawasawa, basi swali la kuwauliza wanaotaka kusaidia ni dogo: je, oda yako inamfundisha mtu? Hoteli inayotaka kumiko inaweza kuagiza kiambaza kimoja cha maua na shoji arobaini za kawaida za vyumbani, zinazoteleza. Sheria ya nishati, ambayo wengi wanaiona kama msumari wa mwisho kwenye jeneza, ina upenyo wake pia: shoji ikiwekwa ndani ya chumba nyuma ya dirisha la kioo hubakiza hewa katikati na kupunguza baridi inayoingia, na wasanifu kadhaa wa Japani wanaitumia hivyo. Hiyo ni shoji ya kawaida, ya fito zilizonyooka, katika nyumba mpya kabisa.

Kubwa kuliko yote ni nyumba zilizoachwa. Sensa ya makazi ya 2023 ilikuta nyumba milioni 9 hazina watu nchini Japani, karibu asilimia 14 ya zote. Si zote za mbao wala si zote za kale, lakini ndani ya sehemu kubwa ya zile za vijijini kuna shoji na fusuma zimesimama kwenye mifuo yake, karatasi zimechanika, fremu nzima. Halmashauri nyingi huorodhesha nyumba hizo na kutoa ruzuku kwa anayekuja kuikarabati mojawapo, na mkarabati kwa kawaida huanza kwa kuitupa milango. Ruzuku ikiwekewa sharti moja, kwamba milango iliyomo itengenezwe kwanza na itakayoshindikana ndiyo itupwe, nyumba moja itampa seremala wa wilaya hiyo milango kumi au kumi na mitano ya kunyoosha, kuunga ndimi na kupunguza kichwa, na mwanafunzi wake atakuwa na pa kuharibu na pa kujifunzia.